Ngumi Kwenye Kioo: Sehemu ya Tisa

Kikoi kilikuwa kinadondosha maji.

Tone. Tone. Tone. Tulimwacha Cyprian hapohapo, kwenye maegesho ya chini ya jengo lake kule Weston, Toronto, mdomo wazi kama aliyekaa kwa daktari wa meno, mkono umesimama hewani shubiri moja kutoka kwenye usukani wa pikipiki yake, kilipofungwa kikoi hicho.

Nje, Ijumaa hiyo ya Januari 2014, baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Huko chini hakuna hita. Dimbwi la karibu na nguzo lilikuwa barafu tangu Krismasi. Hata pua ya Cyprian ilikuwa imeacha kuchuruzika.

Na kikoi kinadondosha maji.

Alikigusa kwa kidole kimoja. Akaruka nyuma.

Kilikuwa na joto. Siyo joto la hita wala la injini. Joto la shingo ya mtu, kama vile mwenyewe amekifungua sasa hivi akasema, nishikie kidogo narudi.

"Silvanus," alisema Cyprian. Hakutaka kusema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupe harakaharaka, wenzako wanisamehe.

Mwaka 2009 Cyprian na Silvanus walikuwa mafundi viyoyozi Qatar. Chumba kimoja, sufuria moja, na ugonjwa mmoja: pikipiki za mbio. Siyo bodaboda, ndugu yangu. Zile za kulalia tumbo juu ya tangi, injini ya sisi (cc) mia sita, ukiingiza gia ya tatu roho inabaki nyuma, inakuja na basi. Walinunua mitumba mbili: nyekundu ya Silvanus, ya bluu ya Cyprian. Kila Ijumaa, siku yao ya kupumzika, saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijaamka na hasira zake, wanashika barabara ya Dukhan. Jangwa kulia, jangwa kushoto, katikati lami imenyooka kama imepigwa rula.

Joto la kule halina utani. Ndani ya koti la ngozi mtu anaiva. Silvanus akabuni dawa: alichana kikoi kimoja vipande viwili, wakawa wanavilowesha maji na kuvifunga shingoni chini ya helmeti. Upepo ukipiga, kiyoyozi cha bure. Mafundi viyoyozi bwana!

Na walikuwa na sheria moja tu. Aliye nyuma akinyanyua ngumi, aliye mbele akiiona kwenye kioo cha pembeni, anasimama. Hakuna maswali.

Ijumaa ya mwisho, upepo ulikuwa umemwaga mchanga juu ya lami. Cyprian, aliyekuwa mbele, aliupita kwa bahati. Silvanus pikipiki ikamtupa. Cyprian akaangalia kwenye kioo. Akamwona mwenzake amelala kando ya barabara, mguu umeenda upande ambao mguu hauendi.

Na ngumi iko juu.

Hakusimama.

Kule, siku zile, mgeni alikuwa hatoki nchini mpaka mwajiri wake amwandikie ruhusa ya kutoka. Cyprian alikuwa nayo mfukoni. Ndege ya Toronto usiku uleule, ruhusa inakwisha kesho yake. Ajali ni polisi. Polisi ni maelezo. Maelezo ni wiki mbili, ni mwezi, na viza ya Kanada inakufa. Akavuta mafuta.

Silvanus alifariki hospitali siku ya tisa, akazikwa hukohuko mchangani. Cyprian aliwaambia watu wote neno moja: "Nilikuwa mbele, sikuona." Alimwambia padri. Alimwambia mama wa marehemu kwa simu, Bukoba. Alimwambia na mdogo wa marehemu, Anastasia, akalia naye kwa simu, akalia naye tena, mpaka kilio kikawa uchumba na uchumba ukawa ndoa.

Ndiyo. Mkewe.

Kipande cha Cyprian kiko chini kabisa ya sanduku lake la spana. Hiki cha kwenye usukani kina kona iliyoungua na bomba la moshi. Hiki ni cha Silvanus.

Haya. Twende.

"Weye!"

Cyprian nusura apande juu ya nguzo.

Mwanga wa tochi ulikuja unayumba, na nyuma yake shada la funguo linalolia kama mbuzi wamefungwa kengele. Alikuwa Cyriaque, msimamizi wa jengo, mtu wa Uvira, Kongo, mfupi, mpana, Kiswahili chake kimechanganywa na Kifaransa.

"Papa Cyprian, ni weye? Nilizania ni voleur, mwizi."

"Umeniua, Cyriaque."

"Haukufa, unasema. Sikiya. Ile mama wa mia tatu na ine ameandika barua tena. Kila Ijumaa, saa kumi na moja ya asubui, moteur inalia huku chini. Ijumaa tatu sasa! Papa, kuwasha pikipiki humu ndani ni interdit. Watafukuza miye, hapana weye."

"Mimi siiwashi."

"Sasa nani? Humu iko pikipiki moja tu. Ile ingine ni baiskeli ya mutoto, na haina gurudumu."

Cyprian aliinama kwenye pikipiki. Aliingiza ufunguo, akainua kiti cha pikipiki. "Mulika hapa. Unaona betri?"

Cyriaque akamulika. Palikuwa na shimo tupu na nyaya mbili zimefungwa utepe mweusi.

"Niliitoa Novemba," alisema Cyprian. "Kila mwenye pikipiki mji huu anaitoa, baridi inaua betri. Iko juu kwangu jikoni, kwenye kabati la maharage. Shemeji yako kila siku ananilalamikia kwamba ina chumba kizuri kuliko mama yake akija. Sasa niambie, naiwasha na nini? Na maombi?"

Cyriaque alicheka nusu. Nusu nyingine haikutoka, maana mwanga wake ulikuwa umetua kwenye kikoi.

Tone.

"Na hii maji inatoka wapi?"

"Sijui."

Mkongo akamulika juu. Zege tupu. Akamulika kulia, kushoto. "Bomba iko kule mbali kwa nguzo ya kumi. Na ile bomba yenyewe imeganda." Alijipiga ishara ya msalaba, funguo zikampiga kifuani. "Papa, miye niko na kazi ya kubadilisha taa. Kuzibua choo, nazibua. Hii ingine haiko mu contrat yangu."

"Kamera zako zinafanya kazi?"

"Ya mulango imekufa na baridi. Ya hapa kwa nguzo inafanya. Minaenda kuangalia ku ofisi, minakupigia simu." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na weye usibaki hapa. Panda kwako."

Aliondoka kwa mwendo ambao miguu mifupi haikuumbiwa.

Cyprian akabaki na kikoi.

Alikifungua. Fundo lilikuwa la kawaida, la mtu mwenye haraka. Hapo, ndugu zangu, alikuwa na njia mbili. Angeweza kupanda nacho mkononi, amwambie mkewe, Ana, kaa chini nikueleze. Lakini mtu akishazoea kuficha kwa miaka mitano, mkono unaficha wenyewe kabla kichwa hakijaamua. Aliposhtuka, kikoi kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti na zipu imefungwa.

Ndani ya lifti kilimchoma mbavu kwa joto lake. Ghorofa ya tisa ilikuwa mbali siku hiyo, na alipofika alitundika ufunguo wa pikipiki kwenye msumari wa mlangoni.

Anastasia alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, ameshavaa yunifomu ya kazini, zamu yake ya kulea wazee inaanza saa tisa mchana. Hakugeuka.

"Umechelewa. Pikipiki imesemaje?"

"Inakusalimia."

"Iko salama?"

"Salama."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Mwiko ulisimama ndani ya kikaango. "Hakuna kitu kabisa, Cyprian?"

"Ana, lile ni chuma limelala. Kuwe na kitu gani?"

Tone.

Liliangukia kwenye vigae, katikati yao. Wote wawili wakaliangalia.

Tone lingine.

"Mbona koti lako linavuja?" aliuliza Anastasia.

"Theluji."

"Theluji imeingia mfuko wa ndani ikafunga zipu?"

Cyprian akafunika mfuko kwa kiganja.

Anastasia akazima jiko. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama mwalimu anayedai gololi.

"Lete."

"Ana..."

"Lete, nimesema."

Akatoa. Alijiandaa kwa kelele. Alijiandaa kwa kuulizwa hiki ni nini. Hakuwa amejiandaa kwa kile alichokiona: mkewe alipokea kikoi kile taratibu, kama mtu anayerudishiwa bakuli lake na jirani.

"Nilikifunga mimi," alisema.

Vitunguu vilimalizia kulia vyenyewe kwenye kikaango.

"Wewe?"

"Mimi. Juzi Jumatano, kabla ya kazi."

"Umekitoa wapi?"

"Unamkumbuka Jafferali?"

Cyprian akashika ukingo wa sinki. Jafferali, kitanda cha tatu mle chumbani Qatar, mtoto wa Dar, mkoromaji namba moja wa kambi nzima.

"Yuko hapahapa Toronto," alisema Anastasia. "Anafanya kazi ofisi moja kule Don Mills. Tulikutana kwenye sherehe ya Uhuru Desemba, ile uliyosema mgongo unauma huendi. Kila sherehe yenye watu wa Ghuba mgongo wako unauma, umeshagundua? Akasikia jina la ukoo wangu, akaweka sahani ya pilau chini. Kumbe ndiye mwenye sanduku la kaka yangu. Miaka mitano analihamisha nyumba hadi nyumba, hajui ampe nani."

"Kuna nini ndani?"

"Rozari. Kikoi. Na barua."

Cyprian aliachia sinki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini *wewe* hukuniambia?" Sauti yake haikupanda. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Nilikifunga pale nione. Nilijiambia, akija nacho mkononi, akasema Ana kaa chini, nitakaa chini. Nitasikiliza mpaka mwisho hata kama itanichukua usiku kucha. Lakini akikificha..."

Aliangalia mlangoni. Cyprian naye akaangalia. Sanduku la bluu, lile alilokuja nalo kutoka Bukoba, lilikuwa limesimama pale na mkanda wake. Alikuwa amelipita anaingia, akaliona kama anavyoona rafu ya viatu.

"Ana, usiondoke."

"Nakuuliza mara moja tu. Ukinidanganya nabeba lile sanduku, na hutajua hata nimeelekea wapi. Siku ile kwenye ile barabara. Ulimwona kaka yangu au hukumwona?"

Jibu lilikuwa pale. Nilikuwa mbele, sikuona. Lilikuwa limelala kwenye ncha ya ulimi, laini kwa kutumika, limeshavuka mipaka na bahari bila kuulizwa pasipoti. Lilitaka kutoka tu.

Lakini shati lake lilikuwa limelowa pale kikoi kilipokuwa. Na pale palipolowa palikuwa na joto bado.

"Nilimwona," alisema Cyprian.

"Sema yote."

"Nilimwona ameanguka. Alinyanyua ngumi. Ikashuka. Akanyanyua tena. Mara tatu, Ana. Nikaangalia mbele."

"Kwa nini?"

"Ruhusa yangu ilikuwa inakwisha kesho yake."

"Kesho," alirudia Anastasia, polepole, kama anapima uzito wake. Akavuta kiti, akakaa. "Dereva wa lori alimkuta baada ya masaa mawili. Unajua alifanya nini hayo masaa mawili?"

"Sijui."

"Miaka mitano hujui. Leo utajua." Alitoa karatasi kwenye mfuko wa yunifomu. Mikunjo yake ilikuwa imeshalainika kama kitambaa. "Soma. Kwa sauti. Nimechoka kuisoma peke yangu."

Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zinaangukia upande mmoja. Cyprian alisoma amesimama, na sauti aliyoisikia mle jikoni haikufanana na yake.

*Mdogo wangu Ana. Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke. Mama usimwambie habari za mguu. Jua lilipopanda nilikuwa sina maji, nikanyonya kikoi. Kina chumvi sana, shingo yangu haijui kupika. Nilinyonya mpaka kikakauka. Hapo ndipo nikaanza kuogopa. Cyprian alikuwa mbele. Kama hakuiona ngumi yangu, nimemsamehe palepale, mwambie asijisumbue. Kama aliiona, sitaki kuambiwa na mtu mwingine. Aje aniambie mwenyewe. Nitamngoja.*

Hapakuwa na sahihi. Palikuwa na mstari ulioanza kuwa herufi ukashuka mpaka chini ya ukurasa.

Cyprian akaiweka mezani. Alikuwa analia bila sauti, jinsi wanaume wa makamo wanavyolia, kama mtu mwenye mafua.

"Kila msimu nikiipanda hiyo pikipiki naangalia kioo," alisema. "Tangu nimeinunua. Siangalii mbele, Ana. Naangalia kioo."

"Ndiyo maana ukanunua nyekundu."

"Nilikwambia ilikuwa ya bei nafuu."

"Ulinidanganya na hilo?"

"Na hilo."

Kwa sekunde moja nusura wacheke. Nusura. Anastasia alikuwa bado ameshika kikoi, na bila kufikiri, kama mwanamke yeyote anayeshika nguo iliyolowa, alisimama akakikamua kwenye sinki.

Maji yakatoka. Yakaendelea kutoka. Akakamua tena, yakatoka tena, mengi kuliko kitambaa cha ukubwa ule kinavyoweza kubeba.

Akaacha kukamua.

"Cyprian."

"Mm."

"Mimi nilikifunga kikavu."

"Unasema?"

"Kikavu. Vilevile kilivyotoka kwenye sanduku. Kilikuwa kigumu kama karatasi, hata fundo lilinisumbua." Aliangalia mikono yake. "Na hili joto ni la nini?"

"Labda bomba la..."

"Hakuna bomba pale."

Ni kweli. Cyriaque alishasema.

"Na injini?" aliuliza Cyprian. "Zile Ijumaa tatu. Ulikuwa unaiwasha wewe ili unitishe. Niambie ulikuwa wewe."

"Mimi pikipiki najua kukaa nyuma na kupiga kelele. Kuiwasha nitaiwasha na nini?"

Wakageuka pamoja kuangalia kabati. Anastasia ndiye aliyefungua. Betri ilikuwa pale, kati ya mfuko wa maharage na unga wa sembe, utepe mweusi kwenye vichwa vyake, vumbi juu yake halijaguswa.

Simu ikalia.

Cyprian alibonyeza spika.

"Papa Cyprian." Cyriaque alikuwa ananong'ona, na huyu ni mtu anayesalimia watu kutoka ng'ambo ya barabara. "Weye uko wapi?"

"Nyumbani. Juu."

"Na mama?"

"Nipo hapa, Cyriaque," alisema Anastasia.

Funguo za Cyriaque zililia kwenye simu. "Sasa nani amepanda ile pikipiki?"

"Hakuna mtu."

"Iko mutu. Minamuona. Hapana ya jana, ni sasa hivi, minaangalia na macho yangu. Amevaa casque, ile kofia ya pikipiki. Mulango haukufunguka, Papa, ofisi yangu iko mbele ya mulango, hakuna mutu amepita." Alivuta kiti, wakamsikia. "Na mguu wake moja... Yesu wangu. Inaenda upande."

"Anafanya nini?" aliuliza Anastasia.

"Hafanyi kitu. Amekaa tu. Haangalii kamera. Anaangalia mu kioo ya pembeni." Sauti ikakatika, ikarudi. "Ananyanyua mukono. Amekunja vidole. Papa, ni ngumi."

Simu ikafa.

Kwanza vilitetemeka vikombe kwenye kichanja cha vyombo. Kisha vijiko. Halafu wakaisikia kwa miguu kabla ya kuisikia kwa masikio, ghorofa tisa chini yao, ile sauti ya injini ya mbio inayopashwa moto taratibu, inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayemwita mwenzake asubuhi ya Ijumaa asichelewe.

Cyprian alirudi nyuma hatua moja. Halafu ya pili. Hakuwa ameamua. Ni miguu. Miguu yake ilikuwa inaijua kazi hii.

Anastasia aliiangalia ile miguu.

Akaenda mlangoni. Cyprian akafunga macho, akasubiri kusikia magurudumu ya sanduku yakiburuzwa. Badala yake alisikia mlio mdogo wa ufunguo ukitolewa kwenye msumari. Alipofumbua, mkewe alikuwa mbele yake. Alimfungulia kiganja, akamwekea ufunguo wa pikipiki, na juu yake kikoi, chenye joto, kinadondosha.

"Amekungoja miaka mitano," alisema. "Tangulia."

"Na wewe?"

"Mimi niko nyuma yako. Na nikinyanyua ngumi, Cyprian, utasimama."

Akafungua mlango. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mwisho wake, lifti ambayo hakuna aliyeibonyeza ilikuwa imeshafika, milango wazi, taa inawaka, inasubiri.

Sakafu yake yote ilikuwa mchanga.